Wimbo Ule Ule, Mara ya Pili

Sisi wapenzi wa muziki wa zamani tuna ugonjwa mmoja: mwanamuziki akiacha rekodi chache, uchache wenyewe tunaufanya sifa. Buddy Bolden wa New Orleans alizaliwa 1877, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili 1907, akafia huko 1931. Hakuna hata dakika moja ya tarumbeta yake iliyopatikana mpaka leo. Kwa hiyo kila mtu humpa sauti anayoitaka: ati alikuwa akipuliza upande mmoja wa mji akasikika upande wa pili, ati hakuna aliyemfikia wala atakayemfikia. Nani atabisha? Ushahidi haupo.

Unguja mazungumzo ni hayo hayo. Kaa baraza yoyote, Malindi au Kikwajuni, itaje taarab, na utaambiwa kuwa wale wa zamani ndio waliokuwa waimbaji, hawa wa leo wanapiga kelele tu. Huenda ni kweli. Lakini sifa ya namna hiyo haimsaidii kijana anayetaka kujua fidla ilipigwaje miaka ya thelathini, au kwa nini mwimbaji aliurudia ubeti wa tatu mara nne na wa nne akaupitia mara moja tu.

Uchache wa rekodi hauna siri wala baraka. Una sababu zinazotajika: nani alilipia, mashine ilibeba dakika ngapi, na nani alitunza kilichopatikana. Ukishazijua sababu hizo unajua na cha kutafuta. Watu wengi hutafuta wimbo uliopotea, ule ambao hakuna anaye nao. Kwa maoni yangu kitu chenye thamani kubwa zaidi, tena ambacho bado kinatupwa kila siku, ni wimbo tunaoujua sana uliopigwa na watu wale wale siku nyingine.

Tuanze na tarehe, maana zenyewe zinaeleza mengi. Taarab inahusishwa na enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888 na kumpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinachodonolewa. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ikaundwa 1905. Sasa tazama Misri kwenyewe: Muhammad Uthman, mmoja wa mabwana wakubwa wa uimbaji wa Cairo katika zama hizo, alikufa 1900, na mafundi wa kampuni ya Gramophone walifika Cairo kurekodi 1903. Alikosa kwa miaka mitatu. Kwa hiyo bwana wa Cairo hakurekodiwa, na mwanafunzi wa Unguja hakurekodiwa. Sahani za kwanza za biashara za taarab ya Unguja tunazozijua ni zile za Bi Siti binti Saad, Bombay, Machi 1928. Kati ya Barghash kufariki na Bi Siti kusimama mbele ya kipaza sauti ni miaka arobaini. Kizazi kizima cha wapigaji kiliishi, kikafundisha, kikafa, bila sindano kugusa sahani.

Kuhusu Bi Siti kuna kosa linalorudiwa kila siku. Watu humtaja miongoni mwa walioacha kidogo, au kinyume chake humtaja kama aliyerekodi kila kitu. Yote mawili si sawa. Kwa idadi hakuacha kidogo: kampuni ya HMV ilimrekodi 1928 na tena 1929, na 1930 wakaja Columbia na Odeon. Lakini aliingia mjini kutoka Fumba mwaka 1911, na alifariki Julai 1950. Sehemu kubwa ya sahani zake imetoka katika dirisha la takriban miaka mitatu, kabla ya mdororo wa uchumi wa dunia kuifunga biashara hiyo. Alivyokuwa akiimba 1915, alipokuwa bado anajifunza, hatujui. Alivyoimba 1940, akiwa na uzoefu wa robo karne, kadhalika. Kampuni haikuwa na haja na historia. Ilitaka kuuza sahani na mashine za kuzipigia, na soko lilipolala, mafundi hawakurudi.

Halafu kuna suala la dakika. Sahani ya inchi 10 ya mwendo wa 78 hubeba kiasi cha dakika tatu kwa upande, na ya inchi 12 hupita dakika nne kidogo. Anayeijua taarab ya ukumbini anaelewa maana yake. Ukumbini kwanza hupigwa bashrafu, kipande cha vyombo bila mwimbaji, watu wakae watulie. Wimbo wenyewe hutanguliwa na vyombo, pengine na taksimu (chombo kimoja kikibuni peke yake) ya udi au kanuni, ndipo mwimbaji aingie. Ubeti ukishaimbwa vyombo hujibu, kiitikio hufuata, na baada ya hapo wimbo unakuwa mikononi mwa wasikilizaji. Mama aliyekaa safu ya nne anasimama, anakuja taratibu na noti ameishika juu ya kichwa, anacheza kidogo mbele ya mwimbaji, na safari nzima hiyo macho yake yako kwa mtu mwingine kabisa ukumbini. Mwimbaji akimwona anaurudia ubeti ule ule. Akija wa pili, unarudiwa tena. Wimbo wa beti nne unaweza kwenda robo saa au zaidi.

Studio hakuna anayemtunza mwimbaji kwa noti. Bashrafu ilikatwa, taksimu ikakatwa, marudio yakakatwa, na wimbo mrefu ukagawanywa upande wa kwanza na wa pili wa sahani, kwa hiyo hata pale katikati palipobaki paliingiwa na mapumziko ya kugeuza. Tulichorithi ni shairi lililoimbwa haraka, bila yule aliyeimbiwa. Mtu anayeamua mwendo wa nyimbo za Bi Siti kwa kusikiliza sahani tu anapima saa ya fundi wa Bombay.

Aliyeumia zaidi ni mpiga chombo. Wapigaji wa Bi Siti angalau tunawajua kwa majina: Subeti Ambar na udi, Mbaruk Effandi Talsam kutoka Mombasa na udi wake na sauti yake, Budda Swedi na fidla, na Maalim Shaaban aliyeimba naye. Lakini wangapi wanaweza kueleza tofauti ya mkono wa Subeti na wa Mbaruk? Muda wao ni zile sekunde chache kati ya ubeti na ubeti. Kipande ambacho mpiga udi angejitanua ndicho cha kwanza kukatwa. Kwenye rekodi za vikundi zilizofuata hali ikawa mbaya zaidi, maana jina linaloandikwa ni la kikundi na la mwimbaji basi. Nasema wazi kuwa hasara yetu kwa upande wa fidla na udi ni kubwa kuliko kwa upande wa waimbaji, ila tu hatuilii kwa sababu wengi wao hatukuwahi kuwajua kwa majina. Ilipotokea mtu akaamua kuwaweka wapigaji mbele, kitu kilipatikana: kampuni ya Globestyle ya London ilipotoa mfululizo wake wa muziki wa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, juzuu ya kwanza waliwapa Seif Salim Saleh na Abdullah Mussa Ahmed, na pale kanuni ya Abdullah inasikika kama chombo chenye maneno yake.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mara ya pili, na kwa hilo mfano bora uko Marekani. Robert Johnson, mpiga gitaa wa bluzi kutoka Mississippi, alirekodi mara mbili tu: San Antonio, Novemba 1936, na Dallas, Juni 1937. Agosti 1938 akafariki, umri miaka 27. Nyimbo zake zote zilizorekodiwa ni 29. Kwa mtu anayehesabiwa nguzo ya muziki wa karne nzima, hicho ni kidogo mno. Lakini rekodi zilizobaki ni 42, kwa sababu mafundi walikuwa na desturi ya kukata wimbo mmoja zaidi ya mara moja, wakihofia sahani ya nta ya kwanza itaharibika njiani. Zile 13 za ziada ndizo zilizowapa wachambuzi kazi. Ukiziweka mbili za wimbo mmoja pamoja unaona kipi alikuwa amekipanga na kipi kilitoka mkononi papo hapo. Utangulizi wa gitaa ukija vile vile mara zote mbili, ule ulifanyiwa mazoezi. Ubeti ukihama mahali, basi beti alizishika kama akiba na kuzipanga alivyoona siku ile. Wimbo wa thelathini usingetufundisha hayo. Ungetuongezea wimbo tu.

Hapa kwetu tabia ni kinyume. Mtu ana kaseti ya harusi ya mwaka 1983, kikundi cha taarab cha Mila na Utamaduni wamepiga, anaitazama orodha, anasema, "Hizi zote tunazo redioni," anairekodia hotuba juu yake. Lakini ile ya redioni ilipigwa studio, kwa kipimo cha kipindi, mwimbaji yuko makini asikosee. Ile ya harusi ina marudio, ina mtunzaji, ina mpiga fidla aliyeamua kuchelewa kidogo kuingia kwa sababu ukumbi umechemka. Zikiwa mbili unajua wimbo ni upi na mtu ni yupi. Ikibaki moja, kila kilichomo unakiita wimbo.

Umri nao unadanganya. Joseph Joachim, ambaye Brahms alimwandikia konseto ya fidla iliyopigwa mara ya kwanza 1879, alirekodiwa 1903 akiwa na miaka 72: pande tano za sahani, basi. Vidole vilikuwa vimeshakakamaa, na mwalimu yeyote wa fidla atakuonya usiziige noti zile kama kwamba ndivyo alivyotaka ziwe. Sisi tunaye Bi Kidude. Aliimba tangu ujana, akapiga msondo na unyago, lakini rekodi zake zinazojulikana duniani ni za uzeeni. Tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, aliipata 2005 na akafariki Aprili 2013 akiwa amekadiriwa kupindukia miaka mia. Ile sauti ya mkwaruzo ina utamu wake, sikatai. Ila binti wa miaka ishirini anayejifunza kukwaruza koo ili aimbe "Muhogo wa Jang'ombe" anaiga umri. Cha kuiga pale ni namna anavyokata pumzi katikati ya neno na kuchelewesha silabi ya mwisho, mambo ambayo uzee haukuyagusa.

Kuna mtego mwingine ambao mara nyingi hausemwi. Santuri za zamani zilipigwa kwa sindano ya chuma, na sindano ile ilitakiwa ibadilishwe kila upande mmoja. Nani alibadilisha? Sindano butu husaga mfereji, na kila inapopita hula kwanza sauti za juu: "s" za maneno, cherewa, ncha ya ukucha wa kanuni. Kwa hiyo sahani iliyopendwa sana ndiyo iliyokwisha, na ile inayopatikana leo ikiwa safi mara nyingi ni ile ambayo haikupendwa. Tunaweza kuwa tunamhukumu mtu kwa nyimbo zilizomdodea.

Mwendo pia. Sahani nyingi zilizoandikwa 78 hazikukatwa kwa 78 kamili. Sahani iliyokatwa kwa 78 ikizungushwa kwa 80, wimbo mzima unapanda karibu robo toni. Vipimo kati ya noti na noti havibadiliki, kwa hiyo makamu, yaani mpangilio wa noti za wimbo, inabaki makamu. Kinachobadilika ni koo. Mama mtu mzima anakuwa msichana, na wimbo unakuwa na haraka isiyo yake. Dawa ni kusikiliza nyuzi tupu za udi, ambazo mpigaji alizikaza kwa urefu anaouzoea, na kulinganisha sahani kadhaa za kikao kimoja. Kwenye tepu za studio kuna msaada zaidi: mvumo wa umeme. Umeme wetu ni hertz 50. Ukipima mvumo uliomo ndani ya rekodi ukakuta 52, mashine inakimbia kwa asilimia 4, irudishe. Angalia tu usije ukapima mvumo wa mashine yako mwenyewe.

Tukija kwenye tepu, hadithi ni ya pesa. Redio ya Unguja ilianza 1951, na tangu hapo studio ndiyo iliyokuwa mrekodi mkuu wa visiwa. Ila tepu ilikuwa ghali kila mahali duniani, na inaweza kutumika tena; hata BBC yenye fedha zake ilifuta vipindi vingi ambavyo sasa inavitafuta kwa watu majumbani. Kilichosalimika kufutwa kinakabiliwa na hewa ya pwani. Reli ya tepu iinue uitazame kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya pembeni, ni tepu ya asetati, ya zamani zaidi. Hiyo hukatika kavu, na ikianza kunuka siki ndiyo inaoza, ihamishwe mwanzo kabla ya nyingine zote. Isiyopenyeza mwanga kwa kawaida ni poliesta, haikatiki, huvutika. Za poliesta za miaka ya sabini na themanini zina balaa jengine: gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, tepu inapopita kwenye kichwa cha mashine inalia na kuacha matope ya rangi ya kahawia. Simamisha papo hapo. Wataalamu huzikausha kwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, katika tanuri maalumu inayodhibiti joto, na kisha huzihamisha mara moja kabla hazijanyonya tena. Ya asetati usiikaushe hivyo kabisa, utaiua. Na oveni ya jikoni hata usiifikirie.

Kaseti ndizo zilizoko majumbani, na hizo mtu wa kawaida anaweza kuzishughulikia. Kabla ya kuipiga, vunja vile vijino viwili vya juu ili isirekodiwe tena. Chungulia mbele: kile kisponji kilichobandikwa kwenye bati laini kikiwa kimedondoka, utasikia sauti inakwenda na kurudi, toa utepe utie kwenye ganda jengine la skrubu tano. Ganda lililogundishwa hupasuliwa kwa uangalifu kwenye maungio yake. Izungushe yote mbele na nyuma mara moja ili ikae sawa. Ukiona ukungu mweupe, iweke mbali na nyingine na usiipige bila kuisafisha, maana kichwa cha mashine kitaambukiza zote. Kichwa chenyewe kisafishe kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti mbili tatu. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo: izungushe polepole sana huku wimbo unapiga mpaka tari na herufi "s" zisikike kali kuliko zote. Kazi hiyo ya nusu dakika inaokoa zaidi ya programu yoyote ya kusafisha sauti. Kaseti za C120, zile za dakika 120, ziogope, utepe wake ni mwembamba na hujiviringisha kwenye mashine.

Santuri za 78 usizisafishe kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa lakri, na spiriti inaiyeyusha. Tumia maji yale yasiyo na chumvi ya kuongezea betri ya gari (maji matupu, si tindikali), tone moja la sabuni laini, brashi ya nywele laini kufuata mfereji, na karatasi ya katikati isilowe. Sindano iwe pana, ya mikroni 65 hadi 70. Ile ya sahani za LP inazama chini kabisa ya mfereji na kukuletea mchakacho tu.

Ukihamishia kwenye kompyuta, chukua WAV, biti 24, kilohertz 48 au 96. Kwa 48, saa moja ya stirio inakula kiasi cha gigabaiti 1, si kitu siku hizi. Usichuje kelele kwenye nakala mama; chuja kwenye nakala ya kusikiliza, kwa sababu programu ikiondoa mkwaruzo huondoa na pumzi ya nai, ile filimbi ya taarab. Na kumtumia shemeji kwa WhatsApp si kuhifadhi, maana sauti inabanwa.

Kisha andika. Hapa ndipo tunaposhindwa kuliko kwenye mashine. Jina la mwimbaji kila mtu analijua. Andika nani alipiga fidla, nani dumbaki, harusi ya mtaa gani, mwezi gani. Baadhi ya wapigaji waliokuwepo miaka ya themanini bado wako, ukiwapigia kaseti wanatambua mkono wa mwenzao kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Muulize mmoja, halafu muulize wa pili bila kumwambia alichosema wa kwanza.

Kwa ngoma hali ni ngumu zaidi, hasa Pemba. Kidumbaki cha Unguja walau kina fidla ya kushikia sikio, lakini sanduku lake, lile boksi la majani ya chai lenye uzi mmoja na fimbo, linatoa sauti nzito ambayo simu haiipati. Utasikia mgongano wa uzi bila noti. Kibati, ngoma ya Pemba, kinatungwa papo hapo, mtu anamjibu mtu, kwa hiyo maneno hayarudi. Rekodi ya pili pale haikupi wimbo ule ule, inakupa kiunzi: ni wapi mtunzi anapata nafasi ya kufikiri, na ngoma inamsubirije. Msewe una chombo ambacho wengi huwa hawakirekodi kabisa, zile njuga za miguuni zilizoipa ngoma jina. Mtu anaelekeza simu usoni kwa muimbaji, na miguu inapotea. Zinahitajika mashine mbili: moja hatua tatu kutoka kwenye ngoma, ya pili chini, usawa wa magoti, upande wanapogeukia wachezaji, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya upepo. Mwanzoni mtu mmoja apige kofi moja kubwa katikati ya mashine hizo, ili baadaye rekodi zote mbili zipangwe kwenye kofi hilo. Na wakimaliza, wakipumzika wakanywa maji, waombe waipige ile ile tena.